Bustani ya Sultani na Ithembo la Wazee

Sisi Wakamba wa Mwingi hatukuwahi kuwa na mfalme. Hata Kivoi wa Kitui, tajiri wa misafara ya pembe aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, hakutuachia kasri wala bustani. Kwa hiyo nilipotembelea Forodhani, Unguja, nilitaka kujua bustani ya kifalme hubaki na nini mfalme akishaondoka.

Forodhani ilitengenezwa mwaka 1936, Sultani Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 25 ya utawala, mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883. Ilichakaa, kisha Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukaikarabati na kuifungua upya mwaka 2009: ukuta wa bahari ukaimarishwa, njia zikatandikwa upya, taa zikawekwa, nyasi zikapandwa. Jua likizama wauzaji hupanga meza za mishikaki, miwa hukamuliwa mashineni pamoja na ndimu na tangawizi, na vijana hujirusha baharini kutoka ukutani huku watoto wakiwashangilia. Nilifurahi kuona hayo. Kilichojengwa kumtukuza mtu mmoja sasa ni uwanja wa kila mwenye jioni yake. Mwendo mfupi kaskazini, Maruhubi, kasri jingine la Barghash lililoungua mwaka 1899, pamebaki nguzo na miembe mikubwa, na mgeni hupapita upesi. Forodhani imepona kwa sababu ina watu.

Kwetu, kinachokaribia bustani ya namna hiyo ni ithembo, na hapo ndipo ulinganisho unapogeuka. Ithembo halimtukuzi mtawala yeyote. Ni kichaka chenye mikuyu ambako wazee hupeleka sadaka mvua inapokawia, na akina mama wazee wakacheza ngoma ya kilumi. Mwezi wa Agosti, milima yetu ikiwa ya kijivu, utaliona kwa mbali kwa ukijani wake. Chini ya mkuyu majani yamelaliana miaka na miaka hata mguu unazama. Tawi likianguka huachwa lioze pale pale, ingawa mama wa boma la jirani anatembea saa nzima kutafuta kuni. Hakuna askari anayemzuia. Anajua tu kwamba pale hapakatwi.

Basi neno ukarabati haliwezi kuwa na kazi moja katika sehemu hizi mbili. Forodhani iliponywa kwa kuingiza mikono: mafundi, fedha, wafagiaji, wachuuzi. Ithembo huponywa kwa kuondoa mikono. Ukilitia uzio, njia ya saruji na kibanda cha tiketi, utakuwa umelimaliza, hata kama miti yote imesimama. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kila utalii wa kaunti unapozungumzwa, picha inayokuja kwanza vichwani ni nyasi na taa.

Ndugu zetu Wamijikenda wa pwani wamepata njia ya katikati. Baadhi ya kaya zao, yaani misitu yao mitakatifu, ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Katika Kaya Kinondo, Kwale, mgeni hufungwa kaniki kiunoni, hutembea na mwenyeji, na sehemu nyingine haingii kabisa. Fedha yake hupokewa, lakini amri inabaki kwa wazee. Huo ndio mfano ninaotaka watu wa milima yetu ya Mumoni na Nuu wauangalie, kabla ya mfano wowote wa mjini.

Shida ni kwamba kaya bado ina wazee wanaosikilizwa. Kwetu amri ya wazee imelegea. Waumini wengi wa makanisa huliita ithembo mahali pa mashetani, vijana wako Nairobi, na mchoma makaa huja na msumeno wa injini usiku. Mwaka 2018 Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa, hatua niliyoiunga mkono na ninayoiunga mkono hadi leo. Lakini marufuku hulinda mti kama mti, haikumbuki kwa nini huu uliachwa na ule ukakatwa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu mahali kama hapa patangazwe rasmi na kulindwa. Kaunti na Makumbusho ya Taifa waanze na wazee walio hai, wakae nao, waandike mipaka ya kila ithembo na masharti yake kwa Kikamba, na wawape vijana wa kijiji hicho hicho, wakiwemo wa kanisani, kazi ya kulilinda kwa mshahara.