Jiko Tulibadilisha, Nyumba Je?

Wasee, baridi ya Kitale si mchezo. Tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Masetla, ambao reli yao ilifika hapa 1926, walijenga nyumba zenye bomba la moshi: moto ndani, moshi nje. Kwa nyanya yangu Bungoma, mafiga yaliwaka chini ya paa la nyasi, moshi ukapenya juu. Miaka ya 1980 likaja jiko la bati lenye udongo ndani, linalokula makaa kidogo. Poa. Shida ni sisi: tulilibeba hadi bedsita, tukafunga dirisha. Makaa yakikolea hayatoi moshi wa kukuonya, na kaboni monoksidi haina harufu. Juzi nusura nisiamke. Siku hizi jiko langu hulala nje. Mimi hulala na blanketi mbili.