Kunakili au Kuhamisha?

Mtu anampelekea fundi mkanda wa video wa harusi ya wazazi wake: “Nihamishie kwenye DVD.” Kinachohama ni nini, ilhali mkanda unabaki palepale?

Neno linalofaa ni kunakili. Asili yake ni Kiarabu, ambako kitenzi naqala hubeba maana zote mbili, kuhamisha na kutoa nakala. Kiswahili kimeshika ya pili.

Mikanda mingi ya filamu za dukani, hata hivyo, hainakiliki kirahisi. Kinga ya Macrovision, iliyoanza na mkanda wa filamu ya The Cotton Club mwaka 1985, huficha mawimbi ya umeme nje ya picha. Mawimbi hayo huivuruga mashine inayorekodi: picha hung’aa, kisha hufifia.

Mkanda wa harusi hauna kinga hiyo. Unakiliwe mapema, kabla haujaota kuvu.