"La Volonté du mort": bapaka, ndege na lopango ya marehemu

Mwaka wa 1927, kule Marekani, Mujerumani Paul Leni alitengeneza filme moja isiyo na sauti. Kwa Kifaransa inaitwa "La Volonté du mort". Inaogopesha, lakini inachekesha pia. Tajiri Cyrus West anagonjwa, na ndugu zake wanamuzunguka sawa bapaka wanavyozunguka ndege mu kitundu. Anaamuru barua ya urithi ifunguliwe nyuma ya miaka 20. Siku inafika, saa sita ya usiku, wote wako pale. Mali yote inamwangukia Annabelle, ndugu wa mbali zaidi mwenye kubeba jina la West. Lakini kuko sharti: munganga ahakikishe kama akili yake ni nzima. Kama hapana, mali inaenda kwa mwengine, jina lake liko mu bahasha ya pili. Basi mutu wa familia anaanza kumutisha usiku ili aonekane mwenda wazimu.

Banduku na badada, huku Mangobo tunajua hiyo filme hata bila kuiona. Kwetu hawasemi "ana wazimu". Wanasema "ni ndoki, ndiye alimukula bwana yake". Hila ni ileile: kuharibu jina la mutu, kisha kuchukua funguo. Matanga haijaisha, mujane na batoto wamesha kuwa inje.

Zamani, mu desturi nyingi zetu, mali ya marehemu ilirudi kwa ukoo, na ukoo ulibeba pia muzigo wa kulea batoto. Leo wengi wanachukua mali, muzigo wanauacha. Kode ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilitaka kukata hiyo tabia. Tuseme marehemu ameacha shamba la are 12. Batoto wanapata are 9. Zinabaki 3: moja ya mujane, moja ya baba na mama ya marehemu, moja ya bakaka na badada zake wote pamoja. Tena, nyumba ambamo bibi na bwana waliishi, mujane ana haki ya kuendelea kukaa ndani.

Muangalie vizuri: baba mukubwa, baba mudogo na shangazi wote wanagawana are moja, hapana lopango muzima.

Na mutoto wa inje ya ndoa anaingia mu hesabu kama baba alimutambua angali muzima. Kwa hiyo musingoje. Mwende komine, muandikishe ndoa na batoto. Hata Annabelle, ni jina lilimupa haki.