Kiwanja cha Ndege cha Kolwezi na Vita Vyake

Jubile ni wakati wa kukumbuka. Barabara itokayo Likasi na kupita hapa Mulungwishi inafika Kolwezi. Kule kuna kiwanja kidogo cha ndege ambacho historia yake yatugusa sisi pia.

Katanga ilipojitenga tarehe 11 ya mwezi wa saba 1960, chini ya Moïse Tshombe, jeshi lake lilitafuta ndege za vita. Mwanzoni mwa 1961 zilifika Fouga Magister 3, zilizotengenezwa Ufaransa. Mwezi wa tisa ilibaki moja tu yenye kuruka, nayo ilitoka Kolwezi. Jeshi la Umoja wa Mataifa halikuwa na ndege ya kupigana hata moja. Kwa hiyo ile moja ilitosha kulitia hofu. Huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, iliwashambulia askari wa Ireland wapata 150 waliozungukwa toka tarehe 13 hata 17. Hakuna aliyekufa kati yao, lakini maji na risasi ziliwaishia, wakajitoa.

Kisha Sweden, Ethiopia na India zikaleta ndege zao. Tarehe 5 ya mwezi wa kumi na mbili 1961, ndege za India zilipiga kiwanja cha Kolwezi. Tarehe 29 ya mwezi ule ule 1962, zile za Sweden zikakipiga tena. Mwezi wa kwanza 1963 kujitenga kukaisha, na askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia Kolwezi.

Vita vilirudi tarehe 13 ya mwezi wa tano 1978, wapiganaji wa FNLC, waliotoka Angola, walipoushika muji. Askari wa Zaire, chini ya Major Mahele, walikitwaa tena kiwanja. Tarehe 19 Wafaransa walishuka kwa miavuli. Kesho yake Wabelgiji wakatua kiwanjani. Wazungu zaidi ya 2,000 waliokolewa kwa ndege, lakini zaidi ya 100 walikuwa wamekwisha kuuawa. Wenyeji walikufa kwa mamia, na wengi wa waliosalia walibaki na makaburi yao.

Kiwanja chenyewe ni udongo tu: ndege ya bomu na ndege ya wokovu zilikanyaga mahali pamoja. Kazi yake huchaguliwa na watu. Basi tuwafundishe watoto wetu habari hizi, na tuwaombee marehemu wote, bila kuuliza walivaa nguo za jeshi gani.