Matanga bila kaburi

Hapa kwetu Kindu matanga iko na mwisho. Maiti inazikwa, jamaa na majirani wanalala inje pamoja, kisha wazee wanafunga matanga na watu wanarudilia kazi. Maiti ikikosekana, wazee wenyewe wanabakia bila neno.

Mwezi wa Novemba 1961 waaskari wa ANC waliua hapa Waitalia 13 wa ndege za ONU, wakiwadhania mamluki wa Tshombe, kumbe walileta mizigo kwa kikosi cha Malaya. Walizikwa Tokolote. Mwaka 1962 miili ilifukuliwa, ikarudishwa Pisa. Wale wazazi walilia sana, ila walipata pahali pa kulilia.

Wazazi wa makadogo wetu, wengi hawakupata. Mama mmoja wa Alunguli, ng'ambo ya Lualaba, mtoto wake alifuata waaskari wa AFDL mwaka 1997, akiwa na miaka 14. Alichoacha ni shati nyeupe ya masomo. Kila kiangazi mama anaianika juani, mende isiikule. Wajomba waliomba izikwe pahali pa maiti, matanga ifungwe. Alitujibia: «Nikizika shati, mutoto akirudi atavaa nini?»

Kwa desturi wajomba walikuwa na haki, tunaona hivyo, lakini hatukuthubutu kumwambia. Leo mtoto angekuwa na miaka zaidi ya 40, shati haiwezi kumuenea. Mama anajua. Juzi kifungo kimoja kilikatika, akakishona upya.