Koroboi, Mkaa na Nguzo za Umeme

Hadithi yangu ya kwanza niliiandika kwa koroboi, hapa Katesh, chini ya mlima Hanang. Asubuhi pua imejaa masizi! Nguzo za umeme zilipita mbele ya nyumba yetu, ila kuunganishiwa ni hela, na hela haikuwepo.

Kule Mbulu bibi zetu walipikia mafiga matatu. Joto jingi lilipotea pembeni, lakini kuni zilikuwa za kuokota. Mji ulipokua, mambo yakabadilika. Chumba cha kupanga hakitaki moshi, basi mkaa ukashika. Tusiwacheke wachoma mkaa: gunia lake linabebeka kwenye baiskeli, mzigo wa kuni uliolizaa haubebeki. Tatizo liko kwenye tanuri la udongo. Kilo 10 za kuni hutoa kilo moja, mbili hivi, za mkaa. Zinazobaki zinapaa kama moshi huko porini, na muuzaji haziweki kwenye bei.

Miaka ya 1980, wilaya zetu zikiwa bado mkoa wa Arusha (Manyara ilizaliwa 2002), CAMARTEC na Wajerumani walieneza mitambo ya gesi ya samadi mkoani. Jambo zuri, ila lilitaka ng'ombe wa zizini, saruji na maji. Mpangaji wa mjini ana ng'ombe gani?

Umeme nao una visa vyake. Taifa liliegemea maji: Kidatu, halafu Mtera mwaka 1988. Maji hayana moshi wala bili ya mafuta, lakini mvua ikigoma! Ukame wa 1992 na 1994 ulileta mgao, na kwa hofu hiyo serikali ikasaini mkataba wa IPTL mwaka 1995. Mtambo wa megawati 100, wa kuchoma mafuta, ulianza kazi Tegeta mwaka 2002. TANESCO ilitakiwa kuulipia hata ukiwa umelala. Gesi ya Songo Songo ilipofika 2004, angalau moshi na gharama vilipungua.

Leo Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, na mkakati wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kwetu sasa taa inawaka. Mtungi wa gesi upo kwenye kona, mama anauchemshia chai tu. Maharage ni kwa mkaa. Nilimuuliza kwa nini.

"Mwanangu, mkaa nanunua kopo moja kwa hela ya leo. Gesi nani ataniuzia kopo?"