Uchovu wa Aliyepona

Kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, mtu wa Ujiji aliyetaka kufika pwani alifuatana na msafara hadi Bagamoyo, miezi mitatu au zaidi kwa miguu. Treni ilikata mwendo huo, kilomita 1,250 na ushei, kwa siku chache. Kwa njia hiyohiyo wagonjwa wengi wa saratani wa Ujiji na Kigoma walisafiri kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 na kufanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Hadi Bugando, Mwanza, ilipopata mashine za mionzi, hospitali ya umma yenye tiba hiyo ilikuwa moja tu nchini.

Tuseme mama mmoja amemaliza mionzi, siku tano kwa juma, majuma kadhaa, na sasa anashuka stesheni ya Kigoma. Uvimbe umekwisha, ndugu wanashukuru. Miezi inapita, akianika dagaa, kabla hajafika nusu ya kichanja lazima akae kitako. Amelala usiku kucha, kaamka kachoka. Majirani wanasema anadeka. Maneno hayo huumiza, maana uchovu huu haufanani na wa jembe: haumalizwi na usingizi, na unaweza kudumu miaka baada ya tiba.

Udaktari nao ulichelewa kuuliza juu ya uchovu huu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, huko New York, David Karnofsky na wenzake walijaribu dawa za saratani zilizotokana na sumu ya vita. Wakatunga kipimo cha uwezo wa mgonjwa, cha kushuka kutoka 100 hadi 0. Mwenye 70 hujihudumia mwenyewe, ila kazi zake za kawaida zimemshinda. Namba hiyo aliitoa daktari kwa kumtazama mgonjwa. Miaka 50 hivi ikapita ndipo, mwaka 1999, Tito Mendoza, Charles Cleeland na wenzao wa Houston wakachapisha maswali 9 ya uchovu ambayo mgonjwa hujijibia mwenyewe, kuanzia 0 hadi 10: katika saa 24 zilizopita, uchovu umekuzuia kiasi gani kutembea, kufanya kazi, kukaa na watu? Kwangu mimi, hapo ndipo historia hii inapogeuka.

Wahudumu wa tiba shufaa barani Afrika wana kipimo chao cha maswali 10, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemuuguza. Hakitaji uchovu kwa jina. Uchovu unaingia kwenye swali la dalili nyingine zinazomsumbua mgonjwa. Lakini kinajibiwa hata kwa mkono: katika swali hilo la dalili, ngumi ni sifuri, vidole vitano ni taabu isiyo na kifani. Mama yule, hata kama hakusoma, anaweza kuinua vidole vinne, na nesi akaandika 4.